Karata Zilizolala kwa Aruna

Ijumaa, 1 Novemba 1957

Watakatifu Wote, Toussaint. Hakuna kazi leo. Misa ya saa tatu, kanisa limejaa mpaka nje, na nani anaingia amechelewa ili watu wote wamwone? Tshibangu! Suruali ya kijivu, mstari wa pasi umesimama toka kiunoni mpaka kiatuni. Mke wangu Fidélie aligeuka kumtazama. Nilihesabu: mara mbili. Ya kwanza namsamehe, hata mimi niligeuka. Ya pili ilikuwa ya nini?

Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Nina wivu. Namwonea wivu Tshibangu tangu mwezi wa nne, alipoletwa kutoka Jadotville na kuwekwa karani pamoja nami katika magazini, ghala la vyuma. Mimi nina miaka tisa humo. Yeye miezi saba. Musié, mzungu mkubwa wa magazini, anamwita kwa jina, mimi ananiita "wewe pale". Kifaransa chake kinapita puani. Baiskeli yake ina taa mbele na kengele ya sauti mbili. Na karata, poka! Mimi ndiye niliyemfundisha poka. Mimi nilijifunza kwa yule Mgiriki wa duka la vitambaa, zamani nikimpimia nguo, nikaja nikamfundisha Tshibangu juu ya sanduku la misumari saa ya kula. Sasa kila Jumapili ananishinda, anakunywa bia yangu.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini jioni jirani yetu Odile alinisimamisha kwenye uzio.

"Tata Ngeleka, jana kinga ya mutu ilisimama pa mulango yenu. Mpaka jua ikageuka. Iko na lampe mbele."

Kinga ndiyo baiskeli, lampe ni taa, tata ni baba. Nikamuuliza ya nani. Akasema yeye hajui kitu, hasemi kitu, ameona tu. Odile daima ameona tu!

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa kazini. Tshibangu wiki hii na ijayo ana zamu ya usiku, mchana wote ni wake.

Sikumuuliza Fidélie. Mwanaume mzima aanze kumuuliza mke wake habari za baiskeli? Alikuwa akimwosha mtoto wetu Elise miguu, anaimba. Kwa nini alikuwa anaimba?


Jumamosi, 2 Novemba

Nusu siku. Asubuhi nilimkuta Tshibangu akimaliza zamu, akinikabidhi funguo. Nikamuuliza hivi hivi, huku nikitazama rafu: siku ya ine (ndiyo Alhamisi) ulipita pa kwangu?

"Hapana, yaya. Mi nililala muchana muzima."

Yaya, kaka mkubwa, ndivyo anavyoniita. Na vidole viwili vikashuka gotini, vikashika ule mstari wa pasi, vikauvuta chini taratibu.

Navijua vidole hivyo! Musié alipomuuliza kwa nini amechelewa, alisema mpira wa baiskeli umepasuka — akavuta mstari. Mpira ulikuwa mzima, niliubonyeza mwenyewe. Alipomwambia Muamba, fundi cherehani, kwamba kitambaa cha suruali kimetoka Brisele, Ulaya — akavuta mstari. Kitambaa kilitoka dukani kwa Aruna, hapo mtaani Manika, rafu ya tatu. Mara mbili amevuta, mara mbili amedanganya.

Lakini niwe mtu wa haki. Mwezi uliopita alivuta mstari akiwa na wafalme watatu mkononi, wa kweli, tukawaona wote. Kwa hiyo ni mbili kwa moja.

Nyumbani nilikula kidogo. Fidélie akauliza chumvi imezidi? Nikasema haijazidi.


Jumapili, 3 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Baada ya misa tukakaa kwa Muamba kama kawaida, barzani, cherehani imesukumwa ukutani. Tunachezea njiti za kibiriti, maana polisi wakikuta pesa mezani wanachukua pesa na karata. Kibiriti kimoja kilichojaa ni chupa moja ya bia, aliyepigwa analeta Jumapili ifuatayo. Ndiyo hivyo tu, hakuna mtu aliyefilisika kwa Muamba. Wachezaji ni Muamba, Tshibangu na mimi. Aruna anagawa. Aruna ni Mwislamu, watu wao wametoka upande wa Kasongo, ana duka na kamioni moja ya mizigo. Hachezi, dini yake inakataza. Anasema kugawa siyo kucheza. Mke wake Zena anasema ni kitu kimoja na Mungu anaona. Lakini sisi tunamwamini Aruna kwa sababu hataki kitu chetu.

Mchezo wa nne. Nina nne za moyo mwekundu. Nabadilisha ya tano, naomba karata moja. Aruna ananisukumia, naiinua kidogo kidogo — moyo mwekundu! Tano za rangi moja. Mgiriki alikuwa akisema *kulere*. Lakini kulere gani hii, Mungu wangu: mbili, nne, tano, saba, nane. Kubwa lao ni nane! Karibu kulere yoyote nyingine duniani inaipiga hii yangu. Ni kama kupewa baiskeli isiyo na mnyororo.

Na Tshibangu? Hakuomba karata hata moja. Alizitazama, akazifunika, akasema ziko sawa. Muamba akatupa zake. Mimi nikaweka njiti kumi. Tshibangu akasukuma vibiriti vitatu, vimejaa. Halafu vidole viwili — gotini — mstari wa pasi — chini.

Nifikiri kama Mgiriki. Mtu asiyeomba karata, ama zimemjia tayari zimekamilika, na hapo nane yangu ni takataka. Ama hana kitu na anataka kunitisha, na hapo mimi ndiye mkubwa. Kumfuata, yaani kuweka sawa naye tuonyeshane karata, ni bia tatu. Kutupa ni njiti kumi. Mtoto angeamua.

Ndipo likaniingia jambo lingine. Kama sasa hivi anadanganya kwa karata, basi vidole vile ni vidole vya uongo, na ni vile vile alivyoshusha jana nilipomuuliza habari ya Alhamisi. Lakini kama ana karata za kweli, basi vidole si kitu, ni ugonjwa wake tu wa kupenda suruali, na siku ile alilala kwake.

Kwa hiyo nikifuata na kushinda, nimeshinda bia tatu na nimepoteza nyumba yangu. Nikifuata na kupigwa, narudi kwa mke wangu nikipiga mluzi. Nani amewahi kukaa mbele ya vibiriti akiomba apigwe? Mimi! Na nikitupa — sijui kitu. Nabaki nilivyo.

Nikaomba nifikirie kidogo. Muamba akacheka, akasema bia tatu haziui mtu.

Wakati huo huo mke wa Muamba akapiga kelele ndani. Kelele ile ambayo huhitaji kuuliza. Mama Ntumba, mama mzazi wa Muamba, aliyelala chumba cha nyuma tangu kiangazi, amekufa. Muamba aliangusha kiti akakimbilia ndani.

Naandika hili nikiona haya. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kubana karata zangu kifuani zisionekane. Mama yule alikuwa akinipa karanga kila Jumapili! Tshibangu naye alikuwa amebana zake. Tukatazamana hivyo hivyo, huku ndani watu wanalia.

Aruna ndiye alikuwa na akili. Alitoa mfukoni bahasha za karatasi zake za kamioni.

"Kila mutu atie zake. Muandike majina juu ya mudomo ya bahasha. Bitalala kwangu mpaka kilio itaisha. Tutabiona kisha."

Mama ya mtu amekufa na sisi tunalamba bahasha! Lakini tuliandika majina. Nilikandamiza jina langu kwa nguvu mpaka penseli ikavunjika.


Jumatatu, 4 Novemba

Tumemzika. Musié alitupa nusu siku. Mvua ya jana ilifanya udongo kuwa mzito, suruali zote zimechafuka mpaka magotini.

Tshibangu alimwimbia marehemu kasala, ule wimbo wa kusifu ukoo. Sikujua kama anaijua. Alimtaja Mama Ntumba, akamtaja baba yake, na babu, na babu wa babu, mto waliovuka, kilima walichoacha kule Kasai, na sauti yake haikukatika. Wanawake walilia upya. Mimi nawajua babu zangu wawili tu, na mmoja nimesahau jina lake la pili. Nilisimama pale nimeshika sepeto, nikamwonea wivu mtu kwa ajili ya babu zake! Nimefika hapo.

Fidélie alilia sana. Mama yake na Mama Ntumba ni wa kijiji kimoja, kwa hiyo hana budi kulala kilioni, kwenye matanga, mpaka kiondolewe, Jumamosi. Wanawake ndani, wanaume nje kwenye moto. Alifunga kitenge, blanketi, na nguo mbili za Elise. Akaniambia unga uko kwenye debe.

Hesabu: mimi niko magazini toka saa moja mpaka saa kumi. Tshibangu ana mchana wote. Fidélie yuko kilioni mchana wote. Wiki nzima!


Jumanne, 5 Novemba

Nilipika bukari, ugali wetu, mwenyewe. Mabonge. Nilikula hivyo hivyo nimesimama.

Mbili, nne, tano, saba, nane. Naziona hata kwenye kitabu cha vyuma. Leo nimeandika misumari ya nane mahali pa misumari ya kumi, Musié akapiga meza.

Kufuata. Naona aibu kuogopa bia tatu.

Hapana, kutupa.


Jumatano, 6 Novemba

Nimewaona.

Nilitoka kazini nikapitiliza moja kwa moja kilioni, sikupita hata nyumbani kunawa. Njia ya Manika inapita kwenye bomba la maji. Wanawake wa kilio walikuwa wamepanga ndoo. Na nani amekunja mikono ya shati, anawapandishia ndoo vichwani, mmoja mmoja, "pole mama, pole mama"? Bwana Kasala!

Ilipofika zamu ya Fidélie, hakumpandishia upesi. Ndoo ilibaki chini. Alimwinamia akasema kitu, maneno mengi, vidole vyake vinahesabu hewani. Na Fidélie alicheka. Katika kilio! Alijiziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Halafu akainua macho akaniona mimi ng'ambo ya barabara, na kicheko kikakatika kama umekata uzi.

Tshibangu alinipungia mkono. "Yaya, umetoka kazi?"

Nikasema nimetoka kazi. Nini kingine? Nilikaa kwenye moto pamoja na wazee mpaka jua likashuka, sikumtazama mtu. Muamba, maskini, amekonda, alinishukuru kwa kuja kila siku. Alidhani ninakuja kwa ajili ya mama yake.

Alisema nini pale bombani? Maneno gani yanahesabiwa kwa vidole? Saa? Siku? Mahali pa kukutana?

Nafuata. Nitafuata, nitazigeuza karata zake mbele ya watu wote, na nikiona hana kitu nitajua la kufanya. (Sijui la kufanya.)


Alhamisi, 7 Novemba

Leo wiki moja tangu baiskeli.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Fidélie jikoni! Alitoroka kilioni kwa muda wa saa moja hivi kuja kuchukua nguo safi za mtoto. Alikuwa ameniletea bakuli la sombe, majani ya muhogo, na samaki, amelifunika kwa sahani. Ananuka moshi, macho mekundu. Mzuri. Naandika hivyo kwa hasira, lakini ni mzuri.

Alisema nimekonda. Alisema Mama Ntumba alikuwa akinisifu, ati mimi ndiye mwanaume pekee barzani asiyemwaga maganda ya karanga chini. Halafu akakaa kwenye kigoda akanitazama.

"Tata Elise, uko na nini? Tangu ile siku ya Toussaint, unaniangaliaka tu."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja, baiskeli, na leo ningekuwa nimelala au nimekufa. Nilifungua mdomo. Nikasema sukari imekwisha.

Akasema atamwambia Zena anitumie. Akabeba nguo akaondoka. Sombe ilikuwa tamu mno, nikailamba yote, nikajichukia.


Ijumaa, 8 Novemba

Nilipanga jaribio. Usiku mzima nililipanga. Nimuulize Tshibangu mambo ambayo najua ni ya kweli, nione kama vidole vinashuka. Umezaliwa Kasai? Unaitwa Tshibangu? Vikishuka kwa ukweli na kwa uongo vilevile, basi ni ugonjwa tu na mimi ni mjinga, asante Mungu. Visiposhuka...

Asubuhi nikamkuta amevaa kaptula! Suruali ya kijivu bado ina matope ya makaburini, ameipeleka kwa dobi. Kaptula haina mstari. Nilimuuliza maswali matano, akajibu yote mikono nyuma, akaniuliza kama nina homa.


Jumamosi, 9 Novemba

Kilio kimeondolewa. Wamefagia uwanja, wamezima moto, Muamba amenyolewa, watu wamekunywa pombe ya mwisho na kuaga.

Fidélie amerudi. Alioga maji ndoo mbili, akalala toka saa saba mchana mpaka saa kumi na moja, Elise ubavuni mwake. Nilikaa kwenye kiti nikamtazama. Uso wa mtu aliyelala haufichi kitu, ndivyo nilivyofikiri. Lakini haukusema kitu vilevile.

Alipoamka aliuliza kama kesho nitaenda kwa Muamba. Nikasema Muamba mwenyewe amesema tuje, anataka kusikia watu barzani kwake.

Akasema, "Basi utamaliza ile mambo yenu."

Anajuaje kuna mambo? Wote wanajua, nadhani. Aruna amesimulia kila mahali jinsi makarani wawili walivyolamba bahasha mbele ya maiti.


Jumapili, 10 Novemba

Naandika mchana, jua bado liko juu. Sikuvua hata viatu. Niandike upesi, kabla sijatoka nje tena.

Saa tano tulikaa. Muamba na kichwa chake kipya, anacheka kwa taabu lakini anacheka. Kiti cha chumba cha nyuma, kile cha Mama Ntumba, wamekileta barzani. Hakuna aliyekikalia. Tshibangu amevaa ya kijivu. Dobi ameipiga pasi, mstari unaweza kukata mkate.

Aruna alileta bahasha mbili, akaziweka juu ya meza pamoja na njiti na vile vibiriti vitatu, kama tulivyoviacha. Akataka kila mmoja aitazame ya mwenzake kabla haijafunguliwa. Niliigeuza ya Tshibangu mara tatu. Gundi nzima, jina lake limepita juu ya mdomo bila kuvunjika hata herufi. Hakuna mkono uliogusa. Zena mwenyewe aliapa kwamba ziliwekwa kwenye sanduku la chuma na kwamba hakutaka hata kuliona sanduku hilo.

Tukafungua. Mbili, nne, tano, saba, nane. Zilinisubiri wiki nzima.

"Tata Ngeleka," Aruna akasema, "ni weye unasema sasa."

Nilimtazama Tshibangu. Naye alinitazama vizuri tu, bila ubaya, kama kijana anayemngoja kaka yake amalize kula. Akasema, "Yaya, ni bia tatu tu." Vidole havikushuka. Vilikuwa vimeshika karata. Hakuna msaada humo!

Nilikuwa nimekwenda nikiwa nimeamua kufuata. Njiani kote nilisema moyoni: nafuata, nafuata. Lakini nilipogusa vibiriti vyangu niliona uso wa jana, Fidélie amelala, mkono wa mtoto shingoni mwake. Nikaona nikigeuza karata za mtu huyu na nikikuta hamna kitu, sitaweza tena kukaa kwenye kiti changu nyumbani nikautazama uso ule. Maisha yangu yote nimekuwa na kulere ya nane. Si mbaya. Si kubwa. Ukiiweka chini kwa upole hakuna anayekuja kuichukua.

Nikatupa. Tano za moyo mwekundu, kifudifudi.

Muamba akapiga mluzi. Tshibangu alivuta njiti zangu kumi, akaziingiza karata zake katikati ya nyingine bila kuzionyesha. Ni haki yake, asiyelipa haoni, hata Mgiriki alisema hivyo. Na mimi — niseme? — nilisikia raha. Sijui kitu! Nilicheza mchezo mmoja mwingine, nikapigwa, nikasema kichwa kinaniuma, nikaaga. Nilimwacha Tshibangu pale pale akichanganya karata, anamfundisha Muamba kuzipepea. Nilitembea upesi. Njiani nilinunua maandazi ya Elise. Nusu ya njia nilikuwa naimba.

Fidélie alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe. Akauliza bila kuacha mchi:

"Ulimufuata?"

"Nilitupa," nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu mzima mwenye busara.

Mchi ukasimama hewani. Halafu akacheka. Hakuwa ananicheka, ndilo jambo baya, alikuwa ananihurumia.

"Aa, Tata Elise! Ulitupa? Na yeye alikuwa na tisa mbili. Tisa mbili na takataka!"

Elise alininyang'anya maandazi mkononi, akakimbia.

Tisa mbili. Bahasha ilikuwa nzima. Alizirudisha karata bila kuzionyesha. Nimemwacha kule. Hakuna mtu duniani anayejua karata zile isipokuwa mwenyewe.

Nikauliza anajua tangu lini.

"Siku ya tatu. Pale pa robine. Alinihesabia zote tano, anasema, mama, bwana yako ananiogopa na tisa mbili."

Siku ya tatu, Jumatano, pale bombani. Vidole vilivyohesabu hewani. Kumbe ndiyo yale! Kwa pumzi moja hivi nilifurahi. Kisha pumzi ya pili ikaja: tisa mbili — hakuwa na kitu — basi vidole vya gotini ni vya uongo. Mbili kwa moja imekuwa tatu kwa moja. Basi Alhamisi ile ya baiskeli hakulala.

"Juu ya nini haukuniambia?" Nilitaka kujua kwa nini.

"Haukuniulizaka." Alisema hivyo hivyo, wazi, kama mtu anayekwambia unga uko kwenye debe. "Bwana yangu ni weye. Ungeniuliza, ningekuambia. Siku ya ine mi nilikuya hapa, nikakaa pa kigoda, nikakuuliza uko na nini. Ukasema sukari."

Nikageuza macho. Kwenye uzio Odile alikuwa anaanika shuka moja kwa muda mrefu sana.

Fidélie akaegemeza mchi kwenye kinu. Akapangusa mikono kwa kitenge, kidole baada ya kidole. Akanitazama usoni.

"Kuko kingine unataka kuniuliza?"

Nikasema ngoja, naenda kuvua viatu. Nimeingia, nimekaa kitandani, nimechukua daftari. Viatu bado ninavyo miguuni. Dirisha liko wazi na namwona mgongo. Atajibu. Sasa najua hilo, nikiuliza atajibu kweli, hata iwe nini.

Mchi haujaanza tena.